Kuchuna Ukuta wa Montbressac

JUMATATU, ASUBUHI

"Safari hii hatuibi sanamu," Régine alisema. "Tunaiba ukuta."

Gontran akacheka. Alicheka peke yake.

Walikuwa wanne, katika chumba cha nyuma cha bucha lililofungwa mjini Clermont. Kulabu za nyama bado zilining'inia juu ya vichwa vyao. Régine Lascombe alikuwa ametandaza picha kwenye meza ya kukatia mifupa, ameegemea kwa ngumi mbili, miwani ikimning'inia kifuani kwa mnyororo. Ukimwona sokoni ungedhani ni mwalimu mstaafu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa akifungua makanisa ya vijijini kama watu wanavyofungua makopo ya dagaa: vikombe vya misa, vinara, watakatifu wa mbao. Gontran ndiye alikuwa mkono wake wa kuvunja milango na, ikibidi, taya za watu. Ludovic Jaladon aliendesha gari.

Wa nne alikuwa Anselme, mdogo wake Ludovic. Huyu alikuwa hajawahi kuiba hata kuku. Kazi yake ilikuwa kutibu michoro ya ukutani makanisani, na kazi hiyo ilikuwa imekauka. Kaka yake alimlea baada ya mama yao kufa, akamlisha, akamsomesha ufundi. Kwa hiyo Ludovic aliposema njoo, Anselme alikuja.

"Kijiji kinaitwa Montbressac," Régine aliendelea. "Kanisa la mawe meusi, zito kama ngome. Mlango mkubwa upande wa magharibi, mdogo kwenye sakristia, chumba cha padre cha kuvalia. Madirisha ni vitundu tu. Dari la tao, buluu, nyota za dhahabu. Nyota achaneni nazo, ni za juzi tu. Nguzo wamezichora kuigiza marumaru, takataka. Tunachotaka ni hiki."

Kidole chake kiligota ukuta wa kaskazini. Hukumu ya Mwisho. Malaika ameshika mizani, sura imemkunjamana kama mpima nyama. Chini yake mashetani wanasukuma watu kwenye sufuria linalochemka. Nyekundu ya udongo, njano ya haradali, kijani kibichi.

"Ukuta unabebwaje?" Gontran akauliza.

Régine akamgeukia Anselme. "Mweleze huyu."

"Unapaka gundi ya ngozi ya sungura juu ya mchoro," Anselme akasema. "Unabandika shashi, tabaka kwa tabaka. Gundi ikikauka inajivuta, inaing'ang'ania rangi. Halafu unabandua taratibu kutoka chini. Rangi inakuja na kitambaa, ukuta unabaki mtupu. Unakunja kama zulia."

"Kama kumchuna mbuzi."

"Kama kumchuna mbuzi."

"Mchana kweupe," Régine akasema. "Meya tumeshamwambia unyevu unakula mchoro wake na tunakuja kuutibu bure. Alikuwa karibu anibusu. Padre ana vijiji vingi, hapo anafika kwa nadra. Alhamisi tunatoka na mzigo, tunaacha turubai limefunika ukuta. Watakuja kuchungulia tukiwa tumeshavuka mpaka."

"Na wakichungulia mapema?" Anselme akauliza.

Gontran alifungua koti. Bastola ilikuwa pale, imelala ubavuni.

"Hiyo hatukukubaliana," Anselme akasema, akimtazama kaka yake.

Ludovic alikuwa akisafisha kucha kwa kisu. "Tulia, mdogo wangu. Ni pambo tu."

JUMANNE, KABLA YA MISA YA ASUBUHI AMBAYO HAIKUWEPO

Montbressac iliwapokea kwa mapazia yaliyofunguliwa kidogo na kufungwa. Hakuna aliyesalimia. Mbwa alibweka hadi akachoka.

Aliyewafungulia kanisa ni Honorine Peyrat, mjane mwembamba aliyevaa aproni juu ya sweta. Ufunguo ulikuwa mkubwa kama koleo, na hakuutoa mkononi.

"Nipe mimi, mama," Régine akasema kwa sauti ya asali. "Nisikusumbue kila siku."

"Sisumbuki. Na mimi si mama yako."

Ndani kulikuwa na baridi ya pango. Harufu ya nta na ukungu. Anselme alisimama katikati akainua macho, na kwa kitambo alisahau alichokuja kufanya. Nyota za dari zilikuwa zimebambuka huku na kule, lakini tao lenyewe lilikuwa jepesi ajabu, mawe yote yale yameinuliwa juu na kuachwa hapo kama si kitu. Mwanga wa vitunduni ulianguka kwenye ukuta wa kaskazini tu. Aliyejenga alijua anachokifanya.

Walifunga jukwaa la mabomba, wakashusha turubai. Anselme akawasha jiko dogo, akaanza kuyeyusha gundi. Honorine akaketi kwenye benchi la mbele na rozari yake. Hakusali. Alikodoa macho.

"Huyo mwenye masikio," akasema ghafla, akimwonyesha shetani mmoja kwa kidevu, "ni Chabrol."

Anselme akageuka. "Chabrol gani?"

"Wa kinu. Ukoo mzima una masikio hayo. Huyo mwenye pua ni Vidalenc, wezi wa mipaka ya mashamba. Mwenye tumbo, ukoo wa meya. Kila mtu hapa anajua shetani wa jirani yake."

"Na wa Peyrat?"

"Peyrat hatumo." Akajifunika shali vizuri. "Vidalenc wanasema huyo mama anayeng'olewa ulimi ni sisi. Waongo. Wataungua hivyo hivyo."

Anselme alijikuta anatabasamu. Mwanamke hakutabasamu.

"Unanuka sungura," akamwambia. "Ukimwharibu hata mmoja, utanitambua."

JUMATANO, KENGELE YA MCHANA

Kengele haikuacha kulia ilipopaswa kuacha. Iliendelea, mlio mmoja mmoja, mzito, wenye mapengo marefu.

Gontran aliruka kutoka kwenye benchi. "Nini hiyo?"

"Kifo," Anselme akasema. "Wanamlilia mtu."

Kamba ya kengele ilishuka kupitia tundu la dari, ikafika chini kabisa, karibu na mlango mkubwa. Honorine ndiye aliyekuwa akiivuta, mwili wake mdogo ukipanda na kushuka nayo. Alipomaliza alikuja akifuta mikono kwenye aproni.

"Mzee Chabrol wa kinu. Maziko kesho alasiri. Mtoe mabomba yenu."

"Haiwezekani," Régine akasema. "Dawa haijakauka."

"Chabrol wamezikwa hapa tangu kanisa lijengwe. Hata kama nilimchukia, hatazikwa kwenye ukumbi wa mpira. Alasiri. Mtoe."

Alipoondoka, Régine alitukana matusi ambayo mwalimu mstaafu hayajui.

"Tunabandua kesho asubuhi," akasema. "Kabla ya adhuhuri tuko barabarani."

"Gundi inahitaji siku nyingine," Anselme akajibu. "Ikiwa mbichi rangi itabaki nusu ukutani."

"Leta mafeni ya joto. Ludo, nenda mjini."

"Ukiharakisha itapasuka, nakwambia..."

Gontran alimshika ukosi, akamsukumia kwenye nguzo. Kisogo cha Anselme kikagonga marumaru ya uongo. "Wewe hapa ni brashi," Gontran akasema, mate yakimrukia usoni. "Brashi haisemi."

Anselme alimtafuta kaka yake kwa macho. Ludovic alikuwa tayari anaelekea mlangoni, akitikisa funguo za gari.

Jioni, nje, wakati wa kufunga milango, Anselme alimfuata.

"Uliona alichonifanya?"

"Niliona." Ludovic akawasha sigara. "Ndiyo sababu nakwambia usimchokoze. Kesho tunamaliza, kila mtu njia yake."

"Tuondoke leo, kaka. Mimi na wewe. Tuwaachie mabomba yao."

"Tuondoke twende wapi? Ukapake rangi vyoo vya shule?" Ludovic akacheka kwa pua. "Nimekubeba tangu una makamasi. Mara moja tu nakuomba unibebe. Mara moja."

Anselme akageuka. Alirudi ndani kuzima jiko.

ALHAMISI, ASUBUHI

Walianza mara Honorine alipofungua na kwenda zake kupika chakula cha wafiwa. Régine alikomea mlango mkubwa kwa ndani. Ludovic akakaa garini, karibu na mlango wa sakristia.

Mafeni yalikuwa yamevuma usiku kucha. Anselme aligusa shashi. Ilikuwa kavu, ngumu kama ngozi ya ngoma. Pembeni ilikuwa imeshaanza kujikunja yenyewe. Akaingiza kisu chembamba chini kabisa, penye moto wa sufuria, akavuta.

Sauti yake ilikuwa ya kuudhi, kama plasta inayobanduliwa kwenye kidonda. Moto ulitoka. Sufuria likatoka. Wakavuta pamoja, Anselme kushoto, Gontran kulia, wakipanda jukwaa ngazi kwa ngazi. Chabrol na masikio yake wakatoka. Vidalenc wakatoka. Malaika akajikunja kiunoni, mizani ikalala juu ya uso wake. Zulia lilipobanduka lote lilianguka mikononi mwao, zito, lenye harufu ya mnyama, na nyuma yake kulikuwa na picha ile ile iliyogeuzwa, vumbi la chokaa likidondoka.

"Safi," Régine akanong'ona. "Safi kabisa."

Wakalikunja kwenye bomba la kadibodi. Gontran akalitoa nje, akalipakia garini.

Aliporudi, aliwakuta wenzake wamesimama, wameduwaa.

Ukuta haukuwa mtupu.

Chini ya Hukumu kulikuwa na chokaa nyeupe, na chokaa hiyo sehemu kubwa ilikuwa imebanduka pamoja na mashetani. Nyuma yake alikuwepo mtu. Macho kwanza, makubwa, meusi, yanayotazama mbele bila huruma wala hasira. Kisha shavu. Kisha mkono mrefu uliomshika mtoto aliyekaa kama mfalme mdogo. Mama, kwenye kiti cha enzi, juu ya buluu ambayo Anselme hakuwahi kuiona isipokuwa vitabuni. Aliyewachora mashetani alikuwa amemfunika, na huenda hakujua.

"Huyu ni wa kale zaidi," Anselme akasema. "Zaidi sana. Hakuna aliyewahi kumwona. Hakuna aliye hai."

"Mtoe," Régine akasema.

"Hatoki."

"Umetoa wale, mtoe na huyu."

"Wale walipakwa juu juu. Huyu alichorwa lipu ikiwa mbichi, rangi imeingia ndani. Atahitaji gundi nzito na siku nyingi. Muda huo hatuna."

"Basi mkate na lipu yake." Régine alikuwa amevua miwani. Pumzi zake zilikuwa fupi. "Gontran, patasi."

"Bosi, twende," Gontran akasema. Kwa mara ya kwanza alionekana kuwa na akili kuliko wote. "Mzigo uko garini. Watu wanakuja na jeneza."

"Nimesema patasi! Hata uso tu. Uso tu unatosha."

"Atavunjika vipande," Anselme akasema. "Utabaki na kokoto."

Régine hakumsikia tena. Gontran aliguna, akachukua nyundo na patasi, akapanda. Akaiweka ncha juu kidogo ya paji la uso wa yule Mama. Pigo la kwanza. Kipande cha buluu, kikubwa kama kiganja, kilidondoka kikasagika kwenye sakafu ya mawe.

Anselme alipanda nyuma yake. Hakuamua, miguu ilipanda. Akamdaka mkono. Gontran aligeuka na kumtandika nyundo begani, na Anselme akaanguka chini chali, hewa yote ikamtoka.

Hapo ndipo mlango wa sakristia ulipofunguliwa.

Honorine alikuwa amebeba maua ya maziko kwenye ndoo; Ludovic, akifunga mzigo nyuma ya gari, hakumwona akipita. Alilitazama turubai lililovutwa kando. Aliutazama ukuta. Ndoo ilimponyoka, maji yakatambaa katikati ya mabenchi.

"Wako wapi?" akauliza. "Wako wapi watu wetu?"

Gontran aliruka kutoka jukwaani, akamdaka kabla hajageuka. Mkono mmoja mdomoni, mwingine ukatoa bastola. Mwanamke alimuuma. Gontran alimpiga kitako cha bastola juu ya sikio, na damu ikachuruzika kwenye ukosi wa nguo yake nyeusi ya msiba.

"Mfunge huko kwenye sanduku la kitubio," Régine akasema bila kugeuka. "Halafu rudi umalizie."

"Ameniona uso, bosi. Ametuona wote."

Régine aliinama, akaokota kipande cha buluu sakafuni.

"Basi unajua la kufanya," Régine akasema. "Siyo hapa. Kwenye mnara."

Anselme alisikia vizuri. Alikuwa bado chini, bega limekufa ganzi, na mbele yake kamba ya kengele ilining'inia, mafundo yake yameng'aa kwa mikono ya watu. Gontran alikuwa anamburuta mwanamke kuja upande huo huo. Régine alikuwa anaokota vipande vya buluu kwa kucha, akiviweka kwenye leso.

Anselme akainuka, akaidaka kamba kwa mikono miwili, akaning'inia.

Mwanzo haikutokea kitu. Kisha juu huko kitu kizito kiligeuka, na kengele ikapiga. Siyo mlio wa msiba. Ilikuwa kelele tupu, ya haraka, bila mpango, kama nyumba inayoungua. Kamba ilimpandisha hewani, ikamshusha, ikamchuna viganja. Akavuta tena. Na tena.

"Mzuie!" Régine akapiga kelele.

Gontran alimwachia mwanamke, akafyatua. Risasi ilichimba jiwe. Ya pili ilimpita Anselme chini ya mbavu kama msumari wa moto. Hakuachia. Mwili ulipanda na kushuka na kamba. Gontran alisikia mayowe nje, akashusha bastola, akageukia mlango mkubwa.

Kwenye mlango wa sakristia, Ludovic alikuwa amesimama, funguo mkononi.

"Anselme?" alisema. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake. "Ni wewe unayepiga?"

"Walitaka kumuua, kaka. Yule pale. Njoo unisaidie."

Ludovic akamtazama mwanamke akitambaa katikati ya mabenchi. Akamtazama mdogo wake, damu ikimlowesha suruali. Nje, upande wa pili wa uwanja, viti vya ukumbi wa wafiwa vilikuwa vinaburuzwa, watu wanapiga mayowe.

"Umetuchoma," Ludovic akasema. "Umenichoma mimi."

Akamshika Régine mkono, akatoka naye mbio.

KABLA YA KENGELE YA ADHUHURI

Walifika wakiwa na nguo za msiba. Chabrol, Vidalenc, watu wa meya, walioacha kusalimiana tangu utotoni, wote waliuvunja mlango mkubwa kwa benchi la uwanjani, kwa pamoja, kama wamezoea. Wengine walikuwa wameuziba mlango wa sakristia, na Gontran alikuwa anatafuta upenyo wa kutokea. Hakuupata. Bastola ilimponyoka chini ya viti, na baada ya hapo Anselme hakumwona tena, aliona migongo tu, na vinara vikipanda na kushuka. Gontran alipotolewa nje alikuwa hajitambui.

Gari lilikuwa limeshashuka mteremko kwa kasi. Njia ya kutoka Montbressac ni moja, nyembamba, inayovuka daraja la kijito, na juu ya daraja gari la maiti lilikuwa linapanda polepole na mzee Chabrol ndani. Ludovic alipinda usukani. Ukuta wa daraja ulikuwa wa mawe ya zamani, ukafunguka, gari likatumbukia kijitoni. Régine alitoka kupitia kioo cha mbele, akabaki kifudifudi kwenye miamba, leso yake bado imefumbatwa mkononi.

Bomba la kadibodi lilipasuka. Zulia la Hukumu lilifunguka majini. Gundi ya sungura haipendani na maji: ililainika, ikavimba, ikaachia. Nyekundu ilitoka kwanza, kisha haradali. Vijana wa kijiji waliingia kijitoni na nguo zao za maziko, wakajaribu kuvuta, na walichotoa kilikuwa matambara meupe yanayonuka. Mashetani wote walikuwa wanateremka na maji kuelekea kwenye kinu.

Baada ya askari kufika, Anselme alikuwa ameketi chini, ameegemea ukuta wa kanisa kwa nje, taulo limekandamizwa ubavuni, pingu mikononi. Viganja vyake vilikuwa nyama tupu. Ludovic alikuwa amelazwa kwenye machela karibu naye, miguu yote miwili imefungwa mbao, akisubiri gari la wagonjwa lililompeleka Gontran lirudi.

Watu waliingia kanisani na kutoka. Kila aliyetoka alikuwa na uso ule ule.

"Yuko mama humo ukutani," meya aliwaambia, akijaribu kuinua sauti. "Huyu askari anasema ni wa kale mno. Watu watakuja kumwona kutoka mbali."

"Mwanamke gani huyo?" Vidalenc mmoja akasema. "Simjui. Nirudishieni baba yangu mwenye pua."

Hakuna aliyecheka. Mtu alimtemea Anselme mate. Mwingine akamtemea tena, ili kuhakikisha.

Kapteni wa askari alichuchumaa mbele yake. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti ya kuchoka.

"Unasema wewe ndiye uliyepiga kengele."

"Ndiyo."

"Kama ni kweli, jaji atalisikia. Umeokoa mtu. Ni tofauti ya miaka mingi, unaelewa?" Akageuka. "Mama Peyrat, aliyepiga kengele ni huyu?"

Honorine alikuwa ameketi ngazini, kichwa kimefungwa bandeji, damu imemkaukia shingoni. Alimtazama Anselme kwa muda mrefu. Kisha akatazama mlango wa kanisa, kwenye giza la ndani ambako ukuta wa kaskazini ulikuwa.

"Mimi," akasema. "Mimi ndiye niliyepiga. Kengele ya hapa ni mimi ninayeipiga, kila mtu anajua."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Ndiyo. Kila mtu anajua.

"Mama," Anselme akasema. "Mama, tafadhali."

"Nilishawaambia mimi si mama yenu."

Kapteni akahema, akageukia machela. "Na wewe? Ulikuwa mlangoni. Ulimwona nani kwenye kamba?"

Anselme akainama hadi bega likamuuma. "Kaka," akasema kwa sauti ya chini. "Ludo. Uliniona. Uliniita jina. Mwambie."

Ludovic alikuwa amefumba macho. Uso wake ulikuwa mweupe kama chokaa, jasho limetanda kwenye paji. Aliyafumbua, akamtazama mdogo wake sawasawa, kama alivyomtazama miaka yote wakati anakata mkate kwa wawili.

"Nilikuwa garini," akamwambia kapteni. "Sikuona kitu."

Gari la wagonjwa lilikuwa limefika. Wakaiinua machela, wakaiingiza, mlango ukafungwa.